Kuchemsha maji hakuondoi zebaki

Huku Chunya, mkoani Mbeya, ambako wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, ipo imani ya siku nyingi: maji ya mto yakichemka sawasawa, sumu yote imekwisha. Si kweli, na naomba tulielewe hili, hasa wenye watoto wadogo.

Moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hiyo ni kazi kubwa, tusiache kuchemsha. Lakini zebaki ni elementi: haina uhai wa kuuawa, wala haivunjiki ikaisha. Ikiwa imeyeyuka kama chumvi, maji yanapopungua sufuriani sehemu kubwa yake hubaki humo humo.

Hatari zaidi iko kwenye tope. Bakteria huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, ambayo hujikusanya mwilini mwa samaki, na samaki walao wenzao hubeba nyingi zaidi. Kuwakaanga hakuitoi.

Jicho haliioni. Maabara huigeuza mvuke, kisha hupima inavyofyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isiyo ya kikaboni (isiyoungana na kaboni) ni mikrogramu 6 katika lita moja ya maji ya kunywa; kiasi hicho hakibadilishi rangi wala ladha.