Gari Likivuma, Beringi Ndiyo Husingiziwa

Kutoka Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115 za lami, na barabara ndefu ya lami ina ubaya mmoja: inakupa muda wa kulisikiliza gari lako. Langu lilianza kuvuma kabla hatujafika Puge. Kwenye spidi 50, kimya. Kwenye 70 ikaja sauti ya chini kutoka nyuma, vuuuu, kama ndege inayopita mbali sana. Kwenye 90 mke wangu akakata simu aliyokuwa anaongea kwa sababu hasikii kitu.

Kesho yake nikalipeleka gereji pale mjini. Fundi akalizungusha mtaa mmoja, akashuka, akafunga mlango. "Beringi za nyuma, mzee. Zimekwisha." Beringi ni ile ringi ya chuma yenye gololi ndani, inayoliwezesha gurudumu kuzunguka. Nikanunua mbili, zikafungwa, nikalipa. Jioni nikatoka nalo hadi nje ya mji. Vuuuu.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa kuziba pancha chini ya mwembe, na wala sikumfuata kwa ushauri, nilikwenda kujaza upepo tu. Akainama, akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la nyuma, ule usiouona ukisimama nje, akacheka. "Baba, hili tairi ni msumeno. Weka mkono." Nikaweka. Ukipapasa kwenda mbele, laini. Ukirudisha mkono nyuma, kila kashata, vile vipande vya mpira vilivyoinuka kwenye uso wa tairi, inakukwaruza kwa ncha yake. Na si hivyo tu: kila baada ya upana wa kiganja kulikuwa na bonde. Bonde, kilima, bonde, kilima, tairi zima. Beringi nilizotoa bado ziko stoo hadi leo, ukizizungusha kwa kidole zinateleza bila hata mkwaruzo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio watu wanapozungumzia mvumo, na mengi tunayoambizana hayana miguu.

"Gari likivuma, beringi imekufa"

Hii ndiyo mama yao. Beringi ikifa huvuma kweli, lakini tairi lililolika vibaya huvuma vilevile. Vyote viwili vinazunguka pamoja, vyote vinapandisha sauti spidi ikipanda, kwa hiyo anayekwambia ametambua kwa sikio baada ya kuzunguka mtaa mmoja anabahatisha. Siku nyingine atapatia, siku nyingine utalipa wewe.

Anza kwa kuondoa injini kwenye orodha. Ukiwa kwenye mwendo, weka gia frii kwa sekunde chache. (Usizime gari! Usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada.) Mizunguko ya injini ikishuka na mvumo ukabaki palepale, ujue unatoka kwenye magurudumu.

Kisha sikiliza barabara. Tairi linaongea na lami. Kwenye lami laini linatoa sauti moja, ukiingia kwenye ile lami ya kokoto zilizomwagwa juu linatoa nyingine, na mpito wenyewe unausikia kabisa. Beringi haijali umepita juu ya nini, wimbo wake ni uleule.

Halafu hamisha uzito. Barabara ikiwa wazi mbele na nyuma, kwenye spidi kama 60, yumbisha usukani taratibu kushoto, kisha kulia. Ukikata kushoto, uzito wa gari unaegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukipanda hapo na kushuka unapokata kulia, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Ukiwa kinyume chake, angalia ya kushoto. Zipo beringi zinazodanganya hata kwenye kipimo hiki, ila ni chache. Mvumo usipobadilika kabisa unapoyumbisha, lakini ukabadilika kila lami inapobadilika, shuka upapase matairi. Yote manne, ndani na nje, kwenda na kurudi. Haikugharimu chochote zaidi ya kuchafua mkono.

"Basi ni matairi siku zote"

Hapa nakiri kosa langu. Baada ya kuponzwa na beringi nikawa mhubiri wa matairi. Shemeji yangu akaja na gari linavuma kutoka Urambo, nikamwambia kwa kujiamini: ni matairi hayo, shemeji, usiibiwe. Akanunua mawili mapya ya mbele. Sauti ikabaki. Tulipokuja kulipandisha, gurudumu la mbele kushoto ukilizungusha kwa mkono huku mkono wa pili umeshika springi, unasikia kwenye vidole kitu kama mchanga unasagwa. Beringi ilikuwa imekwenda. Hadi leo nikimsalimia hunijibu, "Salama, fundi wa matairi."

Kipimo hicho cha kushika springi nakipenda kuliko vyote, maana vidole vinasikia kisichosikika kwa sikio. Ila jeki peke yake usiiamini. Weka stendi, zuia magurudumu mengine kwa mawe, na usiingize kichwa wala mguu chini ya gari.

"Kama tairi halichezi, beringi nzima"

Tunalijua zoezi lenyewe: gari liko juu, unashika tairi juu na chini, unatikisa. Likicheza, mara nyingi ni beringi, au boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu). Ukishika kushoto na kulia likacheza, angalia tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Lakini lisipocheza, hujathibitisha kitu. Beringi nyingi hulia kwa muda mrefu kabla ya kuanza kucheza, kwa sababu kinachoanza kuharibika ni uso wa njia ambayo gololi zinapita, nafasi ya kucheza huja baadaye. Ya shemeji haikucheza hata kidogo.

"Fanya balansi na alaimenti, sauti itaondoka"

Balansi ina ugonjwa wake, nao ni mtetemo. Usukani unatetemeka ukifika kwenye 90 hivi, ukizidi unatulia. Ile mashine inatafuta upande wa gurudumu ulio mzito, wanakugongea vipande vya risasi upande wa pili, mtetemo unakwisha. Tairi lenye mabonde utalifanyia balansi safi kabisa, mashine ioneshe sifuri kwa sifuri, na litaendelea kuvuma, kwa sababu risasi hazirudishi mpira uliolika.

Alaimenti nayo inazuia ulaji wa kesho, haifuti wa jana. Magurudumu yakiwa yametazamana vibaya, tairi linaburuzwa kwa upande kila mita unayokwenda, na kashata zinachongeka upande mmoja. Ukinyoosha leo umeliokoa tairi jipya. Lile la zamani limeshakuwa msumeno.

Cha ajabu, kinachosahaulika kati ya hivi vyote ni shokapu, ile inayozuia gurudumu lisidunde. Mabonde yale ya kila baada ya kiganja hayatokani na alaimenti peke yake, mara nyingi ni gurudumu linalorukaruka. Shokapu ikichoka haliketi barabarani, linadunda, na kila linapotua linasugua mpira mahali pamoja. Sisi tunaotoka lami na kuingia barabara za vumbi zenye mawimbi mawimbi, kwenda mashamba ya tumbaku au kufuata asali, tunaua shokapu bila kujua, maana gari linaendelea kutembea. Na kwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, nyuma kuna uzito mdogo, ndiyo maana matairi ya nyuma hupata mabonde na mwenye gari anasema "nyuma hakuna injini, hapo ni beringi tu." Langu lilikuwa hivyohivyo. Shokapu moja ilikuwa imemwaga mafuta, imepakaa vumbi jeusi hadi chini. Kama ningefunga matairi mapya bila kuigusa, baada ya miezi ningerudi kwa kijana wa mwembeni.

"Weka upepo mwingi, gari litakuwa jepesi na kimya"

Jepesi, pengine. Kimya, hapana. Upepo ukizidi tairi linakuwa gumu kama ngoma, linabeba katikati, linalika katikati. Ukipungua linalika kingo zote mbili na linapata joto. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, haikuandikwa kama maelekezo ya kujaza.

Maelekezo yako kwenye kibandiko, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo. Magari yetu mengi yametoka Japani na kibandiko kimeandikwa Kijapani, watu wanakiruka. Namba zinasomeka. Ukiona 220, hizo ni kilopaskali, sawa na psi 32. 230 ni kama psi 33, 240 ni kama 35. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukipima umetoka Nzega saa nane mchana utakuta upepo umepanda wenyewe kwa joto, na ukiupunguza hapo, kesho asubuhi unatembea na upepo pungufu.

"Tairi bado lina kashata, halina neno"

Mtumba huuzwa kwa neno hili. Muuzaji anapitisha kidole kwenye mfereji, "angalia kashata hizo, mzee." Kashata zipo, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Unakuwa mgumu, na tairi gumu lina kelele hata likiwa halijalika. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, ziangalie upande wa ndani. Kuhusu kina, ndani ya mfereji kuna vijidaraja vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukishuka ukalingana navyo, kashata imebaki milimita 1.6, na hicho ni kipara kinachosubiri mvua.

Na kama umefunga matairi ya matope yenye kashata kubwa kwa sababu ya njia za kijijini kwako, mvumo kwenye lami umeununua mwenyewe. Hakuna fundi wa kuutibu.

"Hamisha ya mbele nyuma, yatajinyoosha"

Kama kipimo, ni kizuri sana: hamisha, toka barabarani, mvumo ukihama na matairi umempata mwizi. Kama tiba, kwa tairi lililokwisha kuwa na mabonde, ni kumhamisha tu mlevi kutoka kiti cha nyuma kwenda cha mbele. Sasa utamsikia vizuri zaidi. Kuhamisha kunasaidia kukifanywa mapema, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, kabla msumeno haujaanza. Angalia mshale ubavuni. Tairi lenye mshale linabaki upande wake.

"Ipake grisi, itanyamaza"

Kwenye gari la zamani lenye beringi za kufungua, ndiyo, zinaoshwa, zinapakwa upya, nati inakazwa kwa kipimo. Beringi za magari madogo ya sasa zimezibwa kiwandani. Ukipaka nje umepaka nje.

"Beringi ni beringi, igonge iingie"

Beringi ya mbele kwenye magari mengi madogo inaingia kwa kubanwa. Nimeona ikiingizwa kwa nyundo na kipande cha bomba, kijana anapiga huku jasho linadondokea kwenye grisi. Kila pigo likipita kwenye gololi linaacha kijishimo kwenye chuma, na beringi mpya inaanza kuvuma wiki hiyohiyo. Mteja anasema ameuziwa feki. Pengine ni kweli, feki zipo, lakini nyingine zimeuawa palepale chini ya nyundo. Uliza kama wana presi, mashine ya kubania. Kama hawana, peleka habu (kitovu cha gurudumu) kwa mwenye nayo, ibanwe kwa kusukuma ringi inayoingia kwenye chuma. Na gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), beringi nyingi zina upande mmoja wenye sumaku inayosomwa na sensa. Ikigeuzwa, taa ya ABS inawaka na kazi inaanza upya.

"Masika gari likitetemeka, balansi imekufa"

Kwanza osha rimu kwa ndani. Donge la udongo lililokaukia humo linatosha.

"Ni kelele tu, ongeza sauti ya redio"

Msumeno unaweza kuuvumilia hadi mshahara. Beringi inayolia usiivumilie, hasa ukishuka ukakuta habu moja ina joto kuliko wenzake (au breki imeng'ang'ania, nayo pia ni ya kuangalia leo). Lakini ipo sauti moja ambayo hairuhusu hata kufika nyumbani kwa mwendo wa kawaida: si vuuuu, ni du-du-du-du, na inasikika hata kwenye spidi 20, usukani ukichezacheza kushoto na kulia. Shuka, zunguka tairi kwa mkono. Ukikuta nundu ubavuni, au uso wa tairi umeinuka sehemu moja, nyuzi za ndani zimeachana. Funga tairi la akiba hapohapo, hata kama uko jua kali katikati ya pori, na hata kama abiria wanakuambia mbona tumefika nalo hadi hapa.