Riba ya Asilimia 9 Inayozidi ya Asilimia 14

Wateja wengi wanaofika kwenye dawati letu la mikopo ya nyumba hapa Mombasa huanza kwa kuuliza: riba yenu ni asilimia ngapi? Si swali baya, ila lina mwenzake: riba hiyo inatozwa juu ya nini?

Tuseme umeona flati Bamburi ya shilingi milioni 5. Unatanguliza milioni 1 na kukopa milioni 4 kwa miaka 10. Mkopeshaji mmoja anataka asilimia 14 kwa mwaka, juu ya salio lililobaki. Mwingine anataka 9 tu, ila juu ya mkopo wote mpaka siku ya mwisho. Wengi hukimbilia 9. Huyo atakudai riba ya 360,000 kila mwaka hata deni likibaki laki mbili. Jumla ni milioni 3.6, na kila mwezi utalipa 63,333.

Yule wa 14 je? Salio lake hubadilika kila mwezi, kwa hiyo chukua kikokotoo cha fedha. Futa hesabu za zamani. P/Y (idadi ya malipo kwa mwaka) iwe 12, maana unalipa mara 12 kwa mwaka. Watu huiruka hatua hii kisha wakailaumu mashine. N ni 120, yaani miezi, si miaka. I/Y (riba ya mwaka) ni 14, PV (pesa unazokopa) ni 4,000,000, FV (deni litakalobaki mwishoni) ni 0. Bonyeza CPT (kokotoa), kisha PMT (malipo ya kila mwezi). Utapata takriban 62,107, yenye alama ya kutoa kwa kuwa pesa zinakutoka. Naam, 14 imekuwa nafuu kuliko 9. Kama huna mashine hiyo, andika kwenye Excel ya simu: =PMT(14%/12,120,-4000000).

Sasa badilisha miaka. Kwa 20, malipo yanashuka hadi 49,741 na roho inatulia, lakini mpaka umalize utakuwa umelipa karibu milioni 11.94. Kwa 15 ni 53,270, jumla milioni 9.59. Anayeweza kuongeza hizo elfu tatu na nusu kwa mwezi, binafsi sioni kwa nini achukue 20. Jaribu pia riba ya asilimia 16 badala ya 14, kwa sababu riba nyingi hupanda katikati ya safari: ile 49,741 inakuwa 55,650.

Kikokotoo hakijui ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, yaani 200,000 kwa flati hiyo. Wala hakijui wakili, mtathmini na bima. Na asiyetaka riba, akaenda kwa benki ya Kiislamu, bado alinganishe jumla atakayolipa.

Kabla ya kutia sahihi, omba jedwali la marejesho, yaani orodha ya malipo ya kila mwezi, usome mstari wa kwanza. Kwa ule mkopo wa miaka 20, riba ya mwezi wa kwanza iwe 46,667, na deni lenyewe lipungue kwa 3,074 tu. Ukikuta tarakimu nyingine, mwambie afisa akuonyeshe zilikotoka.