Data Zilezile, Picha Tofauti: Maamuzi ya Kimya ya Lugha za Programu

Kazi yangu ya kila siku ni kuchora data za watafiti: vipimo kutoka kwenye vifaa, matokeo ya uigaji wa kompyuta, na majedwali marefu ambayo hakuna mtu anayeweza kuyasoma kwa macho akayaelewa. Kwa kuwa kila timu huja na lugha yake ya programu, nimechora kwa Python, R, Julia, MATLAB na JavaScript, na mara nyingi picha iliyoanza katika lugha moja huombwa ichorwe upya katika lugha nyingine. Kuhamisha picha kwa namna hiyo ndiko kulikonionyesha kwamba kila lugha hufanya maamuzi kadhaa kimyakimya kabla nukta ya kwanza haijaonekana kwenye skrini, na kwamba maamuzi hayo hayafanani. Anayetumia lugha moja tu ni vigumu ayatambue, kwa sababu kwake yeye yamekwisha kuwa sehemu ya data zenyewe.

Tofauti hizo hazikuzuka bure. Kila chombo kilizaliwa kikitafuta dawa ya shida fulani. Gnuplot, iliyoanza mwaka 1986, ilikusudiwa kuchora mikunjo ya hesabu kutokana na amri fupi zinazoandikwa na mtumiaji. Matplotlib, maktaba (yaani mkusanyo wa amri zilizo tayari) ya kuchora kwa Python, ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa mfumo wa neva aliyekuwa akichunguza mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, na aliyetaka Python iweze kuchora kama MATLAB ilivyokuwa ikichora. Ndiyo maana hadi leo amri zake nyingi zina mazoea ya MATLAB. Ggplot2 ya Hadley Wickham, iliyotoka mwaka 2007 kwa watumiaji wa R, ilijengwa juu ya wazo la Leland Wilkinson la mwaka 1999 kwamba mchoro una sarufi: kuna data, kuna mihimili, kuna maumbo, na kuna kanuni inayoamua safu ipi ya jedwali iwe mahali, ipi iwe rangi, ipi iwe ukubwa. D3 ya mwaka 2011, maktaba ya JavaScript, nayo haikuja na chati zilizo tayari. Hufunganisha data na vipande vya ukurasa wa kivinjari, na yaliyobaki ni juu ya mchoraji.

Palipo na hatari kubwa kuliko pote, kwa uzoefu wangu, ni pale matriki, yaani jedwali la namba, inapogeuzwa kuwa picha ya rangi. Niliwahi kupokea matokeo ya uigaji wa joto linaloenea katika bamba la chuma. Mtafiti aliyaandaa kwa Julia na kuyahifadhi katika faili la maandishi, nami nikayachora kwa Python. Picha ilikuwa safi na mihimili ilikuwa na majina yake. Mtafiti alipoiona, aliuliza kwa nini chanzo cha joto kiko upande wa kushoto ilhali yeye alikiweka chini. Matriki ilikuwa na safu 200 kwa 200, kwa hiyo hata umbo la picha halikunionya kwamba kuna jambo limegeuka.

Kilichotokea kinaonekana vizuri zaidi kwa matriki ndogo. Chukua matriki yenye safu mlalo tatu na safu wima mbili: safu ya kwanza ina 1 na 2, ya pili ina 3 na 4, ya tatu ina 5 na 6. Amri ya imshow katika Matplotlib huichora jinsi inavyoandikwa kwenye karatasi, yaani picha ndefu kwenda juu, 1 ikiwa kwenye kona ya juu kushoto na 5 kwenye kona ya chini kushoto. Maktaba ya Plots katika Julia huiacha ikiwa ndefu lakini huhesabu safu mlalo kuanzia chini, hivyo 1 huenda chini kushoto na 5 hupanda juu kushoto. Amri ya pcolormesh, ambayo nayo ni ya Matplotlib ileile, hufanya vivyo hivyo. Amri ya image katika R huchukua namba ya safu mlalo kuwa nafasi kwenye mhimili wa mlalo, na namba ya safu wima kuwa nafasi kwenye mhimili wa wima. Kwa hiyo picha inakuwa pana badala ya ndefu: 1 iko chini kushoto, 5 chini kulia, na 2 juu kushoto. Makie, maktaba nyingine ya Julia, hufuata njia hii ya R. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokosea. Imshow huiona matriki kama picha ya kamera, ambayo pikseli zake huhesabiwa kuanzia juu; image huiona kama hesabu yenye viingizo viwili, ambapo kiingizo cha kwanza kwa desturi ni x.

Mtafiti wangu alikuwa akitumia Makie, na kwake yeye x ilikuwa namba ya kwanza. Ukingo wa chini wa bamba ulikuwa safu wima ya kwanza ya matriki, na imshow huweka safu wima ya kwanza kushoto. Kama angehifadhi kwa HDF5, muundo wa faili unaohifadhi namba moja kwa moja, badala ya maandishi, kosa lingekuwa jingine kabisa. Julia hupanga namba za matriki katika kumbukumbu ya kompyuta kwa kufuata safu wima, kama zifanyavyo Fortran, MATLAB na R, wakati NumPy, maktaba ya Python ya kushughulikia matriki, isipoambiwa vinginevyo, hufuata safu mlalo; kwa sababu hiyo matriki ya tatu kwa mbili iliyoandikwa na Julia katika HDF5 hufunguliwa na Python ikiwa mbili kwa tatu. Chanzo cha joto kingeonekana juu, na hapo ningeweza kukirekebisha kwa kuiambia imshow ihesabu kuanzia chini. Katika faili la maandishi, dawa hiyo peke yake isingetosha. Ilibidi kwanza nipindue matriki, safu mlalo ziwe safu wima, kisha nibadilishe mwanzo wa mhimili.

Histogramu, yaani mchoro wa nguzo zinazoonyesha idadi ya namba katika kila kundi, inaonekana kuwa mchoro mwepesi kuliko yote, lakini nayo ina maamuzi yake. Chukua namba 2, 5, 5, 7 na 10, uzigawe katika makundi mawili yenye mipaka 0, 5 na 10. R huihesabu thamani iliyo juu ya mpaka kuwa ya kundi la chini, kwa hiyo kundi la kwanza linapata namba tatu na la pili namba mbili. NumPy huipeleka kundi la juu, isipokuwa kwenye mpaka wa mwisho kabisa, kwa hiyo kundi la kwanza linapata namba moja na la pili nne. Nguzo ya kwanza ilikuwa ndefu. Sasa ni fupi, na data hazijaguswa. Kwa vipimo vyenye desimali nyingi tofauti hii haionekani, kwa kuwa ni nadra kipimo kuangukia juu ya mpaka wenyewe. Kwa namba kamili, kama umri au idadi ya seli zilizohesabiwa kwa hadubini, hutokea kila siku. Idadi ya makundi nayo hutofautiana: Matplotlib huanza na 10, ggplot2 huanza na 30 na kumshauri mtumiaji achague upana unaofaa, na amri ya hist ya R hutumia kanuni ya Sturges inayotegemea wingi wa data. Ushauri wa ggplot2 ninaupenda, kwa sababu ni nadra chombo kukiri mbele ya mtumiaji kwamba kimeamua kwa niaba yake.

Vijiti vinavyochorwa juu na chini ya kila nukta kuonyesha mtawanyiko wa vipimo vina shida ya aina hiyohiyo. Namba 4, 6, 8, 10 na 12 zina wastani wa 8, na jumla ya miraba ya tofauti zake na wastani ni 40. Amri ya std ya NumPy hugawanya kwa 5 na kutoa mkengeuko sanifu wa 2.83, ilhali sd ya R, std ya Julia na hata std ya pandas, maktaba ya majedwali ambayo nayo iko ndani ya Python, hugawanya kwa 4 na kutoa 3.16. Katika maabara ambako jaribio hurudiwa mara tatu au tano tu, tofauti hiyo inaweza kumfanya msomaji aone vijiti viwili havigusani ilhali kwa hesabu nyingine vinagusana.

Seli tupu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ninapopeleka chati kwenye kivinjari. Jedwali lenye seli tupu katikati ya safu ya namba likisomwa na pandas, seli hiyo huwa NaN (yaani si namba), na Matplotlib huukata mstari mahali hapo. R huiita NA, na mstari nao hukatika. Katika JavaScript, D3 ikisoma faili la CSV (jedwali la maandishi lenye thamani zinazotenganishwa kwa mkato) bila maelekezo mengine, seli tupu hubaki kuwa maandishi matupu, na mtu akiyageuza kuwa namba kwa alama ya kujumlisha, kama wengi wafanyavyo, hupata 0. Kifaa cha kupima joto kilichozimika kwa saa moja kitaonekana kana kwamba kilishuhudia baridi kali iliyokuja na kuondoka ghafla. Tangu nilipolielewa hilo, kila namba katika faili ninalolipeleka kwenye kivinjari huisoma kwa amri inayotambua utupu, hata nikiwa na hakika kwamba hakuna seli iliyokosekana.

Kuhusu rangi, mambo yamekuwa mazuri kuliko zamani. Kwa miaka mingi MATLAB na Matplotlib zilianza na mfuatano wa rangi za upinde wa mvua unaoitwa jet, ambao mwanga wake hupanda na kushuka bila mpango, hivyo jicho huona ukingo mkali palipo na njano hata kama thamani zinabadilika taratibu. MATLAB iliuacha mwaka 2014 ikachukua parula, na Matplotlib ikachukua viridis katika toleo la 2.0 la mwaka 2017, kazi ya Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt, mfuatano ambao mwanga wake hupanda hatua kwa hatua na husomeka pia kwa mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Hali hiyo si ya watu wachache: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni takriban mmoja kati ya 12. Hata hivyo mwelekeo wa mwanga bado haufanani. Kwenye viridis thamani ndogo ni za giza na kubwa ni za mwanga. Amri ya image katika matoleo ya sasa ya R huanza na njano hafifu kwa thamani ndogo na kuishia na wekundu mzito kwa kubwa. Picha hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega bila ngazi ya rangi pembeni, msomaji atazisoma kinyume.

Wengine wamejaribu kuutoa mchoro nje ya lugha kabisa. Vega-Lite, iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington, huueleza mchoro kwa maandishi ya JSON, na Altair huyaandika maandishi hayo kutoka Python, kwa hiyo maelezo yaleyale huchorwa vilevile yawe yametungwa kwa lugha ipi. Nimeitumia kwa majedwali ya kawaida na imenifaa sana. Kwa matriki yenye mamilioni ya thamani ni nzito, na hapo hurudi kwenye Makie au Matplotlib.

Kwa hiyo nina faili dogo ninaloliendesha kabla ya kuhamisha picha yoyote. Lina matriki ile ya tatu kwa mbili, namba tano za histogramu zenye mipaka yake, namba tano za mkengeuko, na jedwali la siku saba lenye seli tupu siku ya nne. Matriki ya mraba siiweki humo, kwa sababu ikipinduliwa hubaki na umbo lake. Nikipewa maktaba ambayo sijawahi kuitumia, huangalia kwanza 1 iko kona ipi na picha ni ndefu au ni pana, kisha nguzo ya kwanza ina tatu au moja, kisha 2.83 au 3.16, na mwisho huangalia siku ya nne.