Kati ya Mangapi? Uwezekano na Takwimu katika Shughuli za Kila Siku

Trei moja ina mayai 30. Tuseme matatu kati yake ni viza, na kwa nje hayatambuliki. Mpishi anachukua matano ya keki na kuyavunja moja baada ya jingine ndani ya bakuli ambalo tayari lina siagi na sukari. Kuna uwezekano gani wa kuuharibu mchanganyiko wote? Wengi hujibu asilimia 10, kwa kuwa 3 kwa 30 ni moja kwa kumi. Hiyo ni hesabu ya yai moja. Kwa mayai matano jibu ni asilimia 43.

Hesabu hii inafaa kufanywa polepole, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachomtatiza anayeanza somo la uwezekano. Badala ya kusaka njia zote za kukutana na viza (moja, mawili au yote matatu, la kwanza au la tano), tafuta uwezekano wa kutokutana na hata moja. Yai la kwanza: mazima ni 27 kati ya 30. Likishatoka, kwenye trei yamebaki mayai 29, mazima 26. La tatu ni 25 kati ya 28, la nne 24 kati ya 27, la tano 23 kati ya 26. Sehemu hizo tano zinazidishwa, lakini kata kwanza: 27 ya juu inaondoka na 27 ya chini, 26 na 26 vilevile. Juu inabaki 25 × 24 × 23, chini 30 × 29 × 28, yaani 13,800 kwa 24,360, ambayo ni 0.567. Huo ndio uwezekano wa yote matano kuwa mazima. Toa kwenye 1, upate 0.433. Ndiyo maana wapishi wazoefu huvunja kila yai kwenye kikombe cha pembeni, kisha ndipo hulimimina bakulini.

Swali likisema "angalau moja", tafuta uwezekano wa "hakuna hata moja" kisha uutoe kwenye 1. Likisema hili litokee na kisha lile litokee, zidisha. Likisema hili au lile, jumlisha, ila hakikisha kwanza kwamba mawili hayo hayawezi kutokea kwa pamoja, la sivyo utahesabu kitu kimoja mara mbili.

Kosa linaloonekana zaidi kwenye madaftari ni kuiacha 30 palepale chini mpaka mwisho, kana kwamba kila yai linarudishwa kwenye trei baada ya kuvunjwa. Kwa trei kubwa kosa hilo hujificha: linatoa asilimia 41 badala ya 43. Kwa fungu dogo linaumbuka. Chukua mayai sita, matatu viza, uvunje matatu. Uwezekano wa kupata mazima matupu ni 3/6 × 2/5 × 1/4, yaani 1 kwa 20. Anayesahau kupunguza atapata 1 kwa 8, zaidi ya maradufu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuandika chochote ni hili: kati ya mangapi? Na kila hatua ikipita, uliulize tena.

Sarafu mbili

Sarafu ya Kenya ya shilingi 20 iliyotolewa Desemba 2018 ina ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Rusha mbili kwa pamoja. Ndovu wanaweza kuwa wawili, mmoja au asiwepo hata mmoja. Je, kila tokeo lina nafasi ya 1 kwa 3?

Hapana, ingawa matokeo yanayoonekana kwa jicho ni matatu kweli. Tia alama kwenye sarafu moja kwa kalamu, halafu orodhesha: ndovu-ndovu, ndovu-nembo, nembo-ndovu, nembo-nembo. Ni njia nne zenye nafasi sawa, na "ndovu mmoja" inapatikana kwa njia mbili kati ya hizo. Kwa hiyo ndovu wawili ni 1/4, mmoja ni 1/2, hakuna ni 1/4. Kugawanya kwa idadi ya matokeo kunakubalika pale tu yanapolingana nafasi. Asiyeamini arushe mara 100 na kuandika. Hatapata 25, 50, 25 barabara, lakini "mmoja" ataiona ikiziacha nyingine mbali.

Jedwali hilohilo la njia nne lina kazi nzito zaidi hapa kwetu. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, unapatikana sana Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, sehemu ambazo malaria imekuwako kwa karne nyingi, kwa sababu anayebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mbebaji huyo haugui selimundu. Lakini baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mmoja humpa mtoto kinasaba kimoja kati ya viwili alivyo navyo, kimoja cha selimundu na kimoja kizima, kama sarafu mbili zilivyorushwa: 1/4 mtoto hana kabisa, 1/2 ni mbebaji kama wazazi wake, 1/4 ni mgonjwa.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea hesabu, na kosa lake ni la kuumiza. Wanaambiwa "mmoja kati ya wanne", wanaelewa kwamba wakipata watoto wanne mmoja ataugua, na kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Ile robo ni ya kila mimba, upya, bila kujali waliotangulia. Kwa watoto wanne, uwezekano wa kutokuwa na mgonjwa hata mmoja ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4: 81 kwa 256, karibu asilimia 32. Angalau mmoja ni asilimia 68. Wawili, watatu, hata wote wanne, inawezekana. Tofauti na trei ya mayai, hapa nambari ya chini haipungui, kwa sababu hakuna kinachotolewa kwenye fungu. Kipimo cha damu kabla ya ndoa au kabla ya kupanga uzazi huonyesha nani ni mbebaji, na ndicho kinachozipa namba hizi maana kwa nyumba husika.

Dadu haina deni

Kwenye baraza, ludo ikipamba moto, utasikia: "Sita haijatoka mara tano, sasa ni lazima itoke." Dadu haina deni la kulipa. Tupo la sita lina nafasi ya 1 kwa 6 kama la kwanza. Kinachowachanganya watu ni maswali mawili yanayofanana kwa sauti. "Nitapata sita angalau mara moja katika matupo manne?" ni swali linaloulizwa kabla ya kuanza, na jibu lake ni 1 toa (5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6), yaani asilimia 51.8, zaidi kidogo ya nusu. "Nimeshakosa mara tatu, nitapata ya nne?" ni swali la tupo moja: asilimia 16.7. Maswali ya wacheza kamari wa namna hii ndiyo yaliyowafanya Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waandikiane barua mwaka 1654, na kutoka kwenye barua hizo somo zima la uwezekano likapata msingi.

Kubeti mpira kunahitaji uangalifu huohuo. Tuseme kampuni inatangaza viwango vya mechi moja: mwenyeji kushinda 2.50, sare 3.20, mgeni kushinda 2.50. Kiwango cha 2.50 maana yake shilingi 1 inarudi 2.50 ukipatia. Sasa weka shilingi 40 kwa mwenyeji, 31.25 kwa sare na 40 kwa mgeni. Vyovyote mechi itakavyoisha, unarudishiwa shilingi 100 kamili. Umetoa 111.25. Hizo 11.25 ndizo sehemu ya kampuni, nazo zimo ndani ya viwango kabla mpira haujapigwa. Kupima kiwango chochote utakachokutana nacho, gawanya 1 kwa kila kiwango na ujumlishe. Jumla ikizidi 1, ziada hiyo ndiyo faida yao. Na anayeunganisha mechi tano kwenye tiketi moja, hata akiwa hodari wa kupatia kila moja kwa asilimia 60, atapatia zote tano kwa 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6, chini ya asilimia 8.

Kipimo kikisema ndiyo

Chukua ugonjwa wowote na kipimo chenye usahihi wa asilimia 95 pande zote mbili: kati ya wagonjwa 100 kinawanasa 95, na kati ya wazima 100 kinawasingizia watano. Tuseme kinapimiwa watu 1,000 wasio na dalili, ambao 20 tu wanaugua. Anayepata jibu la "ndiyo" ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa? Kinachokuja haraka kinywani ni asilimia 95.

Acha asilimia, hesabu watu. Wagonjwa 20: kinawanasa 19. Wazima 980: asilimia 5 yao ni 49, wote wanaambiwa "ndiyo" kimakosa. Waliopata "ndiyo" ni 19 na 49, jumla 68, na wagonjwa kweli kati yao ni 19. Hiyo ni asilimia 28. Asilimia 95 ilikuwa kati ya wagonjwa, ilhali swali linauliza kati ya waliopata "ndiyo". Ni mafungu mawili tofauti. Jibu hilo halimaanishi kipimo hakifai. Kabla ya kupimwa uwezekano ulikuwa asilimia 2, sasa ni 28, na kwa sababu hiyo daktari huagiza kipimo cha pili. Mtu aliyekuja na homa na dalili zote yumo katika fungu jingine kabisa, lenye wagonjwa wengi, na "ndiyo" yake ina uzito mkubwa zaidi.

Wastani unaoficha

Dereva wa tuktuk anaandika alichobakiza baada ya mafuta kwa siku saba: shilingi 1,200, 1,400, 1,300, 1,100, 1,500, 1,300, na siku ya saba, alipokodiwa kwa harusi kutwa nzima, 6,200. Jumla ni 14,000. Gawanya kwa 7, wastani ni 2,000. Siku sita kati ya saba hakuifikia hiyo 2,000. Akichukua mkopo wa kulipa 1,500 kila siku kwa kuutegemea wastani huo, ni siku mbili tu angeweza kulipa kwa mapato ya siku yenyewe. Zipange nambari kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati, ambayo ni ya nne: 1,300. Hiyo ndiyo siku yake ya kawaida. Kila panapokuwa na namba moja iliyopaa peke yake, kwenye mishahara, kodi za nyumba au bei za viwanja, ya katikati inasema kweli zaidi kuliko wastani.

Kasi nayo ina mtego wake. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120. Ukienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 40, wastani wa kasi si 50. Kwenda ni saa 2, kurudi saa 3: kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Umekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa pole, basi nao unavuta zaidi.

Umemuuliza nani?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Hakuna mwanafunzi wala shirika litakalowauliza wote wanatumia usafiri gani kwenda kazini, kwa hiyo huchukuliwa sampuli. Ukisimama na karatasi yako kwenye feri ya Likoni saa moja asubuhi na kuwauliza watu 200, utapata majibu safi kabisa kuhusu wavukaji feri. Wa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali na wengi wa Mvita hawamo. Kuongeza idadi hadi 2,000 papo hapo hakusaidii, kunazidisha tu uhakika juu ya jibu lisilofaa.

Anayetaka picha ya kaunti azigawe hojaji zake kwa maeneo bunge yote sita kulingana na wingi wa watu, na ndani ya kila eneo achague mitaa kwa kura. Mtaani aanze nyumba iliyotoka kwa bahati nasibu, kisha aende kila nyumba ya kumi, asichague zenye milango wazi. Akikuta nyumba haina mtu, airudie jioni au Jumapili, asimchukue jirani badala yake. Wanaopatikana nyumbani saa nne asubuhi, kwa swali la usafiri wa kwenda kazini, ndio hasa wasiosafiri.