Singapore Haikuanza na Ghorofa

Juzi imetokea tena. Mkutano wa wakazi, ukumbi umejaa, mzee mmoja mwenye heshima zake akasimama akasema: "Singapore hawana ardhi, wakajenga ghorofa, shida ikaisha. Sisi twangoja nini?" Akapigiwa makofi. Mimi ni mthamini wa ardhi hapa Mombasa, na maneno hayo nimeyasikia ofisini, harusini, hata matangani. Leo nayajibu kwa maandishi.

Historia yenyewe nitaipitia mbio. Shirika la nyumba la wakati wa Mwingereza lilianza 1927, na kwa miaka 32 likajenga nyumba kama 23,000 tu. Februari 1960 likaja shirika jipya, HDB, mwenyekiti wake wa kwanza Lim Kim San, na ndani ya miaka mitano likapita nyumba 50,000. Katikati hapo, tarehe 25 Mei 1961, moto uliteketeza mabanda ya Bukit Ho Swee na watu wapatao 16,000 wakabaki bila makao. Leo karibu watu 8 katika kila 10 wanaishi kwenye fleti za HDB. Wanaopenda picha za majengo marefu huishia hapo.

Mimi naanzia hapo. Swali la mthamini si ghorofa ngapi. Swali ni: kiwanja cha nani, na mwenyewe alilipwa bei ya lini?

Mwaka 1966 Singapore ilipitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa lazima. Serikali ikitaka kiwanja kwa matumizi ya umma, inakichukua. Mabishano yanabaki kwenye fidia peke yake. Na fidia hiyo iliwekewa mipaka mikali. Mwenye shamba la minazi hakulipwa kwa sababu siku moja pangesimama maduka, alilipwa shamba. Kisha 1973 wakakaza zaidi: fidia isizidi thamani ya kiwanja ilivyokuwa tarehe 30 Novemba 1973, na kama thamani ya siku ya kutwaliwa ni ndogo zaidi, basi hiyo ndogo. Tuseme kiwanja chako kilikuwa na thamani ya 100 mwaka huo, na miaka kumi baadaye sokoni ni 300. Serikali inakupa 100. Ile 200, ambayo ilipanda kwa sababu serikali yenyewe ilileta barabara, maji na bandari, haikuwa yako.

Tarehe hiyo ilikuja kusogezwa mbele mara kadhaa, na bei kamili ya soko ikarudi 2007, kazi kubwa ikiwa imeshafanyika. Ardhi ya serikali ilikuwa imetoka asilimia 44 mwaka 1960 hadi asilimia 76 mwaka 1985. Hiyo ndiyo siri ya fleti za bei nafuu. Saruji inauzwa kila mahali.

Sasa njoo kwetu. Tangaza leo kwamba barabara inapita mahali, na kesho asubuhi madalali wameshapandisha bei. Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 40, inadai fidia ya haki, kamili na ya haraka. Mwaka 2019 Bunge lilileta sheria ya kuweka viwango vya thamani ya ardhi ili kupunguza mchezo huo. Lakini anayesema "tufanye kama Singapore" bila kugusa jambo hili anaomba paa kabla ya msingi.

La pili linaloniudhi ni neno "wanamiliki", eti Singapore kila mtu ana nyumba yake. Ndiyo, kaya kama 9 katika 10 huko huhesabiwa kuwa na nyumba yao. Lakini wenye fleti za HDB wana lizi, yaani haki ya kukaa kwa muda uliowekwa, ya miaka 99, na ardhi ni ya serikali. Na lizi huisha kweli. Huko Geylang, Lorong 3, kulikuwa na nyumba 191 za lizi ya miaka 60. Si fleti za HDB, zilikuwa nyumba za watu binafsi. Tarehe 31 Desemba 2020 lizi ikakoma, ardhi ikarudi serikalini, wenye nyumba hawakulipwa fidia. Mtu wa Majengo, mtaa wa hapa Mombasa, angepaswa kulielewa hili kabla ya mtu wa Nairobi, maana sisi tumeishi na nyumba bila ardhi tangu enzi za mababu: kuta zako, ploti ya mwingine. Tofauti ni kwamba huko Singapore mwenye ploti anajulikana na miaka iliyobaki imeandikwa.

Kuhusu pesa, nitasema haraka. Waliruhusu watu kutumia akiba yao ya uzeeni kununulia fleti kuanzia 1968. Ni akiba yenye jina la mtu. Tozo yetu ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, haiwekwi kwenye akaunti ya jina lako, kwa hiyo tuache kuvifananisha.

Nina shaka zangu, na sizifichi. Fleti za miaka ya 1970 zimeshakula karibu nusu ya lizi. Wazazi waliambiwa hiyo ndiyo mali yao, na sasa watoto wanahesabu miaka iliyobaki. Na ile sheria ya 1973, je, ningeitia sahihi mimi? Nikiingia chumba kimoja chenye watu saba, nasema ndiyo. Nikikaa mbele ya mjane ambaye shamba ndilo kila kitu alichoachiwa, kalamu inanilemea. Nimekaa mbele ya wote wawili, wakati mwingine wiki moja.

Baada ya mkutano yule mzee alinifuata nje. Ana ploti Mtwapa, aliinunua zamani. Nikamuuliza, "Mzee wangu, serikali ikiitaka ijenge fleti, ikakupa bei ya mwaka ulioinunua, utakubali?"

Alinyamaza kidogo. "Na wao Singapore walikubali, mwanangu?"

"Hawakuulizwa, mzee."