Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani

Kale kabirika kekundu kenye tone mdomoni kakiwaka huku injini inanguruma, toka barabarani na uzime. Usijiambie utafika kwa fundi, hata kama gereji yake unaiona kwa macho. Taa ya njano ya chek injini unaweza kukaa nayo siku kadhaa, mradi haimweki. Hii ya oili haina subira hiyo.

Wengi huichukulia kama geji ya petroli: imewaka, basi oili imepungua, nitaongeza kesho. Lakini taa hii haijui umebakiwa na lita ngapi. Inachoangalia ni presha. Ndani ya injini kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Presha ikianguka, utando unakatika, chuma kinasuguana na chuma, na dakika chache zinatosha kuanza kusikia injini inagonga kwa chini. Mlio huo ukishaanza, oili mpya haikusaidii tena. Unazungumzia kusaga kranki au kutafuta injini nyingine.

Nitatumia mfano wa injini ya 1NZ-FE ya Toyota, kwa sababu ndiyo iliyojaa mitaani kwetu: IST, Probox, Raum, baadhi ya Vitz. Inabeba lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta. Oili ikishuka mpaka alama ya chini ya dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, taa kwa kawaida bado haijawaka, maana mdomo wa pampu ulioko ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, bado umezama. Taa inakuja baadaye sana, mdomo ule unapoanza kuvuta hewa. Kwa hiyo ikiwaka ukikata kona, ukifunga breki au ukipanda mlima kama Kitonga, kisha ikazima ukinyooka, usifurahi. Oili iko chini mno na inakimbilia upande mmoja wa sampo.

Ukishazima, subiri dakika tano hadi kumi gari likiwa pahala tambarare ili oili ishuke. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena usome. Ikiwa chini ya alama, ongeza nusu lita, subiri kidogo, pima tena, mpaka ifike kati ya alama mbili. Usimwage kopo zima kwa hasira; oili ikizidi, kranki huipiga ikawa povu, na povu halijengi presha. Washa. Taa izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima wewe.

Hapo chungulia chini ya gari. Kama filta imebadilishwa juzi na sasa oili inamwagika, mara nyingi mpira wa filta ya zamani ulibaki umeng'ang'ania kwenye bloku, ikafungwa filta mpya juu yake. Mipira miwili haikai. Inavumilia kidogo, halafu inafyatuka na oili yote inaishia chini.

Dipstiki ikionyesha oili ipo sawa na taa bado inawaka, usiwashe tena kwa kubahatisha. Gari livutwe, na kama ni otomatiki inayoendeshwa na magurudumu ya mbele, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, la sivyo unaongeza ugonjwa wa gia boksi juu ya ule wa injini.

Gereji, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha swichi ya oili, ile inayohisi presha na kuwasha taa. Ni kweli swichi huharibika, na ukiona oili imejaa kwenye soketi yake, imekufa. Lakini usikubali swichi mpya iwe ndiyo kipimo. Ifunguliwe, pale pale ifungwe geji ya presha ya kawaida, injini ipate moto, isomwe. Kwa 1NZ-FE, sailensa tupu, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, isipungue kPa 29, yaani kama psi 4. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika iwe kati ya kPa 150 na 550, au psi 22 hadi 80. Fundi awe na adapta yenye nyuzi za Toyota. Ile ya nyuzi za Kimarekani huingia mizunguko miwili ya kwanza kama vile inafaa, kisha inakula nyuzi za bloku.

Geji ikisoma vizuri, tatizo ni swichi au waya. Ikisoma chini, fungua sampo. Mara nyingi utakuta chujio la pampu limezibwa na tope la oili iliyokaa kupita muda wake. Pengine limezibwa na vipande vya silikoni: mtu alifunga sampo akapaka gundi kama anapaka siagi kwenye mkate, iliyozidi ikabanwa kuingia ndani. Chujio likiwa safi, angalia vali ya presha kwenye pampu kama imekwama wazi, halafu beringi. Nusa na dipstiki pia. Ikitoa harufu kali ya petroli, oili imezimuliwa.

Kuna taa inayochezacheza kwenye foleni tu, injini ikiwa ya moto, na ukikanyaga kidogo inazima. Dawa ya mtaani ni kuweka oili nzito ya 20W-50. Taa inazima kweli, kwa sababu oili nzito inachelewa kupenya kwenye beringi zilizolika. Beringi zimebaki vile vile, na asubuhi oili hiyo inachelewa kufika kwenye tensheni ya cheni na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa vali kufunguka. Mimi ningepima kwa geji kabla ya kugusa kopo hilo.

Swichi hii ina waya mmoja: presha ikiwa chini inaupeleka ethi, yaani kwenye chuma cha injini, na taa inawaka. Maana yake ukiuchomoa waya, taa haiwaki tena kamwe. Ukienda kununua gari la mkononi, geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Birika lazima liwake. Kama halipo, uliza waya uko wapi kabla hujauliza bei.