Maji Yamechemka, Nitrati Imebaki

Jirani yangu alinijia jioni na dumu mkononi. Mtoto wake ana miezi miwili, ananyonya kidogo na kuongezewa maziwa ya kopo, na maji ya kukorogea anateka kwenye kisima cha uani. "Dada, nayachemsha robo saa nzima, halafu nayachuja," aliniambia. Mimi ni mkemia wa chakula, na nyumbani sikosi vijikaratasi vya kupimia nitrati. Nikachovya kimoja kwenye maji mabichi, tukasubiri dakika moja. Kile kimraba cheupe kikageuka waridi, rangi ya kati ya miligramu 50 na 100 kwa lita. Nikachovya kingine kwenye maji yaliyochemshwa. Kikakolea zaidi.

Alishtuka, na si ajabu. Tumelelewa tukijua kwamba moto husafisha, na kweli unaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini nitrati si kijidudu, ni chumvi iliyoyeyuka. Maji yanapopaa kwa mvuke, nitrati inabaki sufuriani. Chukua lita moja yenye miligramu 60, ichemshe mpaka ibaki robo tatu: sasa una maji yenye miligramu 80 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50.

Kisima chenyewe kiko hatua chache tu kutoka choo cha shimo. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni, bakteria wa udongoni wanaigeuza kuwa nitrati, na udongo hauwezi kuishika. Mvua ikinyesha inashuka nayo hadi kwenye maji ya chini. Shambani mbolea ya urea ikizidi hufanya vivyo hivyo. Maji yanabaki maangavu, hayana harufu.

Mtu mzima hudhurika kwa nadra. Kichanga ni habari nyingine. Bakteria wa mwilini huigeuza nitrati kuwa nitriti, nayo nitriti huiharibu hemoglobini ya damu ikashindwa kubeba oksijeni. Sisi wakubwa tuna kimeng'enya cha kuirekebisha. Mtoto wa chini ya miezi 6 bado hana cha kutosha, na tumbo lake halina asidi kali ya kuwazuia bakteria hao. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika kuhusu vichanga waliogeuka rangi ya bluu kwa sababu maziwa yao yalikorogwa kwa maji ya visima vya mashambani. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame mashavu, tazama ulimi, ufizi na kucha. Zikiwa za bluu au kijivu, mkimbize mtoto hospitali usiku huo huo.

"Basi na mchicha tuache?" aliniuliza. Hapana, tafadhali msiache! Ni kweli nitrati nyingi tunayokula hutoka kwenye mboga. Kilo moja ya mchicha inaweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000. Lakini mboga inakuja na vitamini C, inayozuia nitriti isizae nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani. Tena karibu robo ya nitrati inayoingia mwilini hurudi mdomoni kupitia mate, bakteria wa kwenye ulimi wanaifanya nitriti, unaimeza, na sehemu yake huwa oksidi ya nitriki, gesi ambayo hutanua mishipa ya damu. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo mwilini ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ndiyo maana juisi ya viazisukari vyekundu, wengine huviita bitiruti, hushusha presha kidogo.

Kwenye mchicha moto unasaidia, kwa kuwa nitrati inahamia kwenye maji ya kuchemshia. Kwa mtoto anayeanza kula, toa vikonyo, chemsha, mwaga maji, ndipo uponde. Ninachokipinga kabisa ni sufuria ya mchicha uliolala mezani kwenye joto hili la Dar es Salaam. Usiku kucha bakteria wanageuza nitrati kuwa nitriti, na kuupasha asubuhi hakuiondoi. Uweke kwenye friji, au upike wa kutosha mlo mmoja.

Nyama iliyosindikwa ina hesabu yake. Nitriti, ile inayoandikwa E250 kwenye pakiti, huwekwa kwenye soseji ili kuzuia bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao inaua, na ndiyo inayoipa nyama uwaridi. Siibezi kazi hiyo. Ila nyamani nitriti inakutana na amini, kemikali zitokanazo na protini, na kikaango kikali kinazalisha nitrosamini. Magee na Barnes, watafiti wa Uingereza, walionyesha mwaka 1956 kwamba mojawapo huleta uvimbe wa saratani kwenye ini la panya. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama ya kusindika kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika: gramu 50 kila siku, karibu soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Wanangu wanakula soseji kwenye sherehe. Kwenye kontena la chakula cha shule siziweki.

Kesho yake tulipima maji ya bomba la mtaa wa pili. Kikaratasi kilibaki cheupe. Sasa maji ya mtoto yanatoka huko, na bado anayachemsha, maana vijidudu vipo. Ya kisima anafulia nepi.